Mwanafunzi wa Kumi na Nane

Nilifika Toronto mwezi wa nane, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyeniomba nimwonyeshe. Dada yangu, aliyenizidi miaka minane, alikuwa akiishi Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na sita, yeye na binti yake wa miaka sita. Alikuwa ameachana na mumewe. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, zamu ya usiku, na aliniita nimsaidie kulea mtoto. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa. Mpaka zikamilike sikuruhusiwa kufanya kazi, wala kusoma.

"Pumzika kwanza," dada aliniambia siku niliyofika. "Miaka sita umefundisha watoto wa watu, hujachoka?"

Sikuwa nimechoka. Kule Njombe nilifundisha jiografia shule ya msingi, na kama matokeo yangu ya kidato cha sita yangekuwa mazuri kidogo zaidi ningekwenda chuo kikuu. Hayakuwa. Hilo nilikuwa nimelimeza zamani, au nilidhani nimelimeza.

Asubuhi nilimpeleka mtoto shule, nikirudi namkuta dada ameshalala. Nilitembea kwa soksi. Redio sikufungua. Nikipika, nilifunika sufuria polepole kama mwizi. Saa tisa na nusu alasiri nilimfuata mtoto, na nikimsemesha Kiswahili alinielewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza. Jioni dada aliamka, akala amesimama, akavaa sare yake, akaondoka. Kuna siku zilipita bila mimi kusikia sentensi nzima ya Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Kwetu hata ugomvi na jirani ni mazungumzo. Pale jirani nilimjua kwa harufu ya vitunguu vyake tu.

Jumatano dada hakwenda kazini. Ndiye aliyenifukuza nyumbani. "Nenda ukatembee, mdogo wangu. Utaoza humu ndani." Alinipa tokeni mbili za treni, visarafu vya kulipia nauli, akanieleza basi la kupanda mpaka stesheni ya Broadview, na hayo tu.

Jumatano ya kwanza sikuwa na ninakokwenda. Treni ilitoka chini ya ardhi ikapita juu ya bonde la Don, miti yote chini imeanza kugeuka rangi, kisha ikazama tena. Pembeni yangu alikaa msichana aliyekumbatia vitabu kama mtu aliyebeba kuni. Alipoinuka kushuka stesheni ya Spadina, na mimi nikainuka. Nilimfuata mpaka nje, yeye akakata kushoto akapotea, nami nikabaki nimesimama katika mtaa ambao sikuwa nimejua kuwa Toronto inao.

Nilikuwa nimezoea maghorofa yetu yanayofanana na makabati. Hapa palikuwa na nyumba za matofali mekundu, za miaka mia na zaidi, nyembamba na ndefu, zina vinara, minara midogo juu ya paa, na madirisha ya duara darini. Na zilikuwa na mabaraza. Kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, na karibu kila baraza lilikuwa na kochi lililochakaa, baiskeli mbili tatu zilizofungwa minyororo, na vikombe vya kahawa vilivyosahauliwa. Ilionekana wazi kwamba matajiri walizijenga, wakahama, wanafunzi wakarithi. Kwenye nguzo za umeme matangazo ya vyumba, ya magitaa yanayouzwa, ya paka waliopotea, yalikuwa yamebandikwa juu ya mengine mpaka nguzo zikanenepa. Nilisoma matangazo ya nguzo moja yote. Hakuna aliyeniuliza ninatafuta nini.

Nilirudi Jumatano ya pili. Nilinunua daftari, nikaanza kuchora ramani ya mitaa kama nilivyowafundisha watoto: kaskazini juu, stesheni katikati, kila mtaa na miti yake.

Jumatano ya tatu, kwenye kona ya mtaa wa Huron, nilikuta kundi la vijana wamesimama mbele ya nyumba, wote wanatazama juu. Nami nikasimama nikatazama juu. Mbele yao alikuwapo mama mmoja wa miaka sitini hivi, mfupi, amevaa buti za mvua na ameshika fimbo. Alikuwa akionyesha kwa fimbo mlango mdogo ubavuni mwa nyumba.

"Huu ulikuwa wa nani?" aliuliza.

Nilijua jibu, lakini nilikuwa mpita njia tu. Akaeleza mwenyewe kwamba ulikuwa mlango wa watumishi, na ngazi yake ya ndani ni nyembamba kiasi kwamba wasichana waliobeba makaa walitembea ubavu ubavu. Kisha akaenda nyumba ya pili, kundi likamfuata, na mimi miguu yangu ikafuata kundi.

Nilikuja kuelewa kuwa lilikuwa somo la chuo kikuu, historia ya mji, na kwamba kila Jumatano saa saba mchana mhadhiri yule aliwakusanya wanafunzi wake kwenye kona ile na kuwafundisha kwa kutembea. Hapakuwa na mlango wa kupita wala kadi ya kuonyesha. Wiki iliyofuata saa saba kasoro dakika tano nilikuwa pale, daftari mkononi. Siku hiyo aliuliza kwa nini matofali ya mbele ya nyumba ni mazuri kuliko ya ubavuni. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Kwa sababu mbele ndiko wanakopita wageni," nilisema.

Vijana walicheka. Mhadhiri alinitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo hasa," akasema, akaendelea.

Nilirudi Flemingdon Park na maneno hayo mawili kama mtu aliyepewa zawadi. Sikumwambia dada. Angeniuliza kwa idhini ya nani.

Mwezi wa kumi mhadhiri akatoa kazi: wanafunzi wawili wawili, kila jozi ichague nyumba moja na kuandika historia yake tangu ijengwe. Watu wakaanza kuitana. Nilikuwa najivuta nyuma niondoke pale msichana mmoja aliponijia. Nilikuwa nimemwona kila wiki. Alikuwa akila mkate wake peke yake, ameegemea uzio. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alitoka mji mdogo wa migodi huko kaskazini, safari ya siku nzima kwa basi.

"Una mwenzako?" aliniuliza.

"Sina."

"Hata mimi sina. Uko mwaka wa pili?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu. Nilijiambia nitalirekebisha wiki ijayo.

Tulichagua nyumba ya kona yenye kinara kilichoinama kidogo. Kwenye maktaba ya jiji, ambako mtu yeyote huruhusiwa kuingia, kulikuwa na vitabu vizito vya wakazi: mwaka kwa mwaka, mtaa kwa mtaa, nani alikaa wapi na kazi yake nini. Tulikaa bega kwa bega tukifuata namba ya nyumba yetu. Kwanza alikaa mfanyabiashara wa vitambaa. Baada ya miaka kumi na moja jina lake likatoweka, likaja la mkewe, na mbele yake wameandika "mjane". Chini yake wakaanza kuorodheshwa wapangaji: mshonaji, mpiga piano, karani, kisha wanafunzi, wanafunzi, wanafunzi. Mjane alibaki pale miaka thelathini na minne, kila mwaka mstari mmoja, neno lile lile.

"Yaani hakuna kingine walichoweza kuandika juu yake?" msichana aliuliza kwa hasira ya kweli.

"Alikuwa akiwapikia," nilisema. "Bila shaka. Watu wengi hivyo, nyumba moja. Na alijua nani anarudi amechelewa."

"Andika hivyo," alisema. "Sehemu ya mjane iandike wewe."

Niliiandika kwa mkono, kwenye meza ya jikoni, dada akiwa amelala. Tangu nifike nchi ile sikuwahi kuwa na furaha kama ya asubuhi zile. Lakini Jumatano zenyewe zilizidi kuwa ngumu. Rafiki huuliza maswali. Aliniuliza ninakaa wapi, nikasema hapa hapa, mtaa wa tatu, nyumba yenye mlango wa kijani. Nyumba hiyo nilikuwa nimeichora kwenye ramani yangu. Aliniuliza kama nami nasikia upweke wikiendi, nikasema wenzangu wa nyumbani wana kelele mno, sipati hata nafasi. Akanitazama kwa wivu kidogo, na mimi nikaona haya, kwa sababu wikiendi yake ilikuwa sawasawa na yangu na ningeweza kumwambia.

Siku moja mwezi wa kumi na moja giza liliingia mapema, na mvua yenye barafu ikaanza. "Nakusindikiza," alisema, "nina mwavuli." Nilikataa, akasisitiza. Tukafika mbele ya mlango wa kijani. Alisimama njiani anishuhudie nikiingia, kama watu waungwana wafanyavyo. Nilipanda ngazi za baraza la watu. Nikafungua mkoba, nikajifanya natafuta ufunguo, nikiomba aondoke. Hakuondoka. Mlango ukafunguka wenyewe, akatokea bibi mmoja mzee, kilemba cha pamba kichwani, harufu ya supu ya kabichi nyuma yake.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Nimekuja kuulizia chumba," nilisema, kwa sauti ya chini.

Akanivuta ndani. Nilipogeuka, msichana alikuwa akinipungia mkono, ameridhika, anaondoka na mwavuli wake.

Bibi yule alinipandisha ngazi tatu mpaka darini, akasimama kila kituo kupumua, akanionyesha chumba chenye kitanda, meza, na dirisha la duara. Kutoka pale yalionekana mapaa yote ya mtaa yakilowa. Akaniambia mwanafunzi aliyekuwepo ameondoka mwezi uliopita, na kwamba hapendi wapangaji wanaopika samaki. Nikasema nitafikiria. Nikakaa kidogo kwenye kile kitanda kisicho na shuka, naye hakuniharakisha.

Mwisho ulikuja mapema mwezi wa kumi na mbili. Tulikuwa tumekutana kwenye mkahawa mmoja wa barabara ya Bloor, wa Wahungari, ambao wanafunzi waliupenda kwa sababu sahani zao zilijaa. Ripoti ilikuwa imekamilika. Alikuwa amepiga chapa kurasa zote, zangu na zake, na alitoa ukurasa wa mbele.

"Jina lako nimeshaweka," alisema. "Niandikie namba yako ya usajili hapo."

Aliweka kalamu mbele yangu. Niliishika. Kuna wakati nilifikiri nibuni namba.

"Sina namba," nilisema. "Mimi si mwanafunzi."

Alicheka, akadhani ni utani. Nikamweleza yote: dada, mtoto, karatasi, Flemingdon Park. Sikulia. Nilieleza kama ninavyoeleza ramani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kwa hiyo hukai pale kwenye mlango wa kijani?"

"Sikai."

"Nilikuona ukiingia."

"Niliulizia chumba."

Alikuwa ameiva uso mpaka masikioni. "Nilimwandikia mama yangu," alisema. "Nilimwambia nimepata rafiki, na anakaa mitaa mitatu tu kutoka kwangu. Mama alifurahi sana." Akaanza kukusanya karatasi, moja moja, akizilinganisha pembe. "Hayo ya namba ningeelewa. Wikiendi zote zile ulizosema nyumba yako ina kelele. Mimi nilikuwa peke yangu, na wewe ulikuwa peke yako."

"Ndiyo," nilisema. "Nisamehe."

Alivaa koti, akaondoka. Chakula chake kilibaki nusu. Mhudumu akaja akaniuliza kama tumemaliza wote wawili.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilichoogopa zaidi ni kwamba atapata matatizo chuoni kwa ajili yangu. Jumatano iliyofuata madarasa yalikuwa yamekwisha, lakini nilikwenda, nikauliza njia mpaka ofisi ya mhadhiri, chumba kidogo katika mojawapo ya zile nyumba za zamani. Alikuwa amevua buti, amezipanga juu ya gazeti karibu na hita.

Nilianza kujieleza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Alinyoosha fimbo yake akanionyesha kiti.

"Orodha yangu ina watu kumi na saba," alisema. "Kila tunapovuka barabara huwa nawahesabu, asije mtu akagongwa. Tangu wiki ya tatu nahesabu kumi na nane."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeondoka."

Nikamwomba asimwadhibu msichana, kwamba hakujua lolote. Akaniambia msichana alikuwa amekuja siku iliyotangulia, peke yake, akaeleza kila kitu na kuweka alama kwenye kurasa zilizo zangu. Sehemu yake itasahihishwa kama kawaida.

"Amesema chochote juu yangu?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Amesema sehemu ya mjane ndiyo nzuri kuliko yote, na kwamba hataki kuisoma tena."

Kisha akanipa kurasa zangu. Alikuwa amezisoma na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kwa ukali, kama vile mimi ni mwanafunzi wake: hapa umedhani bila ushahidi, hapa nieleze zaidi, hapa vizuri. Alisema hawezi kunipa maksi. Akanitajia chuo cha watu wazima ambacho ningeweza kuomba nafasi siku karatasi zangu zikitoka, akaandika anwani ya chuo hicho nyuma ya bahasha. Niliposhukuru akasema sasa ana kazi nyingi, nami nikaelewa kuwa nimeruhusiwa kwenda.

Januari hakukuwa na somo la kutembea. Mimi niliendelea kwenda. Nilikuwa nikijidai kwamba naijua baridi, mimi mtu wa Njombe, niliyekulia ndani ya sweta. Baridi ya Februari katika mitaa ile ilinifundisha adabu. Makochi ya barazani yalifunikwa na theluji yakawa kama ng'ombe waliolala. Nilizunguka saa moja, nikaingia maktaba kupata joto, nikarudi nyumbani. Sikuzungumza na mtu.

Mwezi wa tatu nilimwona msichana. Alikuwa anakuja upande wa pili wa barabara na wenzake watatu, wanacheka, mmoja amemshika mkono ili asiteleze kwenye barafu. Aliniona. Aliinua mkono, nami nikainua wangu, na wote wawili tukaendelea na safari. Nilifurahi kwamba amepata watu. Nilijiambia neno hilo tena na tena mpaka stesheni, na lilikuwa kweli, ila halikunipa joto.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne dada aliketi sakafuni nimsuke. Hapo ndipo nilipomweleza, mikono yangu ikiwa kichwani mwake na uso wake umetazama kwingine. Nilieleza kuanzia treni mpaka ofisi ya mhadhiri.

"Kumbe," alisema nilipomaliza. "Mimi miezi yote hiyo nilijua una mwanamume."

Tulicheka mpaka mtoto akatoka chumbani kutuuliza, kwa Kiingereza, kuna nini. Kisha dada akasema, bila kugeuka, "Miaka saba nipo mji huu. Sijawahi kushuka stesheni hiyo."

Jumatano iliyofuata tulimpeleka mtoto shule, tukaenda wote wawili. Alikuwa ametoka zamu asubuhi ya jana yake na uchovu haujamtoka, lakini alivaa koti lake la kanisani na hereni. Nilimwonyesha mlango wa watumishi. Nilimwonyesha matofali ya mbele na ya ubavuni, kinara kilichoinama, nguzo zilizonenepa kwa matangazo. Alisikiliza kwa heshima, mikono mfukoni. Mbele ya nyumba moja kubwa alisimama akaipima kutoka chini hadi juu.

"Sasa hii yote," aliuliza, "madirisha hayo nani alikuwa anafuta?"

"Ndivyo anavyouliza mhadhiri," nilimwambia.

"Basi na mimi nimefaulu," akasema, akaanza kulalamika viatu vinambana.

Tulikunywa chai Bloor, yeye akanisimulia mambo ya kazini ambayo hakuwahi kunisimulia: mzee mmoja aliyekuwa akimwita kwa jina la binti yake aliyefariki, naye huitika, kwa sababu akikataa, mzee angehitaji usiku kucha kuelewa. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini saa ilikuwa imefika ya kumfuata mtoto.

Kwenye treni tulipata viti viwili. Kabla hatujafika stesheni ya pili alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, mkoba umeanza kumtoka mapajani. Niliushika. Treni ikatoka nje juu ya bonde, mwanga ukamwangukia usoni, hakuamka, nami nikajikaza nisitikisike mpaka Broadview.